UZI: Alikuwa anafanyia nani kazi?

1. Kila msimu wa mijadala ya runinga swali hili lazima lirudi: dereva wa teksi ya simu, au kijana wa boda anayepokea kazi kwa programu, ni mfanyakazi au ni mfanyabiashara? Mmoja anapiga meza, mwingine anaahidi ajira za kidijitali, kipindi kinaisha. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Ni historia, pamoja na kisa changu mwenyewe. Weka chai mezani, ni mrefu kidogo.

2. Naandika nikiwa Masimba, Nyaribari Masaba. Kati ya 2016 na 2019 niliendesha teksi ya programu Nairobi. Sasa niko nyumbani na majani yangu machache ya chai. Pia nilinunua pikipiki moja, nikampa kijana wa jirani aendeshe, ananiletea shilingi 300 kwa siku. Mwaka jana, akiwa amebeba abiria kuelekea Kiamokama, mvua ikiwa imetoka kunyesha, aliteleza akavunjika mguu.

3. Jioni ya pili mama yake alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alikaa, akakataa chai, kisha akauliza: "Tata, huyu mtoto alikuwa anafanyia nani kazi?"

4. Nilimjibu haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni: "Mama, ile ni biashara yake. Mimi ni mwenye pikipiki tu." Aliniangalia, akanyamaza, akaenda. Usiku usingizi ulikataa. Yale maneno nilikuwa nayajua. Niliwahi kuambiwa hayohayo, karibu neno kwa neno, Nairobi.

5. Hebu kwanza niwaonyeshe ukurasa mmoja wa daftari langu la 2018, siku ya kawaida ya saa 14. Abiria walilipa jumla ya 4,000. Programu ilikata robo, yaani 1,000. Mafuta 1,100. Mwenye gari 1,200. Kuosha gari, kuegesha na bando, 200. Nilibaki na 500. Gawanya kwa saa 14, unapata kama shilingi 36 kwa saa. Na siku gari likiwa gereji, mwenye gari bado alitaka yake.

6. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba mimi ni mshirika, si mwajiriwa. Sawa, mshirika. Lakini mshirika huyu hakuwahi kuulizwa bei iwe ngapi. Hakujua abiria anaenda wapi mpaka akubali. Na akaunti yangu ilipofungwa siku nne kwa malalamiko ya abiria mmoja, sikupata mtu wa kuongea naye. Nilikuwa naandikia mashine, na mashine inanishukuru kwa uvumilivu.

7. Sasa historia. Watu hudhani tatizo hili lilikuja na simu. Hapana. Tuanzie mbali kidogo, Mombasa, kwa sababu neno lenyewe tunalotumia mpaka huku milimani lilizaliwa pwani: KIBARUA.

8. Kibarua ni barua ndogo. Kilikuwa kikaratasi cha kuthibitisha kwamba umefanya kazi ya siku, ndipo ulipwe. Taratibu jina la karatasi likawa jina la mtu. Na katika karne ya 19 vibarua wengi wa miji ya pwani walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta kazi ya siku. Jioni walirudi na ujira, na bwana alichukua sehemu yake, mara nyingi nusu. Sisemi dereva wa leo ni mtumwa, tafadhali msiniwekee maneno mdomoni. Nasema tu kwamba mpango wa kumtuma mtu akatafute, wewe ukichukua fungu bila kubeba hasara yake, ni wa kale sana.

9. Utumwa ulipokwisha, bandari ya Mombasa iliendelea kutumia vibarua. Meli ikija, makuli wanaitwa. Meli ikikosa, hakuna kazi na hakuna malipo. Kwa kampuni ilikuwa nafuu: hulipi mtu anayengoja. Na sikilizeni hili, kwa sababu watu huliacha: makuli wengi waliupenda mpango huo. Ujira wa siku moja bandarini ulizidi wa kazi nyingi mjini, na mtu alichagua siku zake. Leo shamba, kesho bandari. Uhuru ule ulikuwa wa kweli.

10. Lakini uhuru haulipi kodi ya nyumba bei zikipanda. Makuli waligoma 1934, wakagoma 1939, na Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama: wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, kwa karibu wiki mbili. Serikali ya kikoloni ilishtuka. Katika miaka iliyofuata bandari ilianza kuandikisha makuli katika daftari rasmi, na miaka ya 1950 kibarua wa siku akageuzwa pole pole kuwa mfanyakazi wa kudumu.

11. Angalia sababu zilikuwa mbili. Makuli walitaka malipo bora. Wakubwa walitaka watu wanaojulikana, wanaofika kila siku, wanaoweza kuadhibiwa. Kwa hiyo kuitwa "mfanyakazi" kulileta mshahara na pia kulileta msimamizi. Yeyote anayekuambia leo kwamba ajira ni faida tupu, au kwamba uhuru ni faida tupu, hajasoma habari za bandari ya Mombasa.

12. Turudi bara. Mashamba ya walowezi yalikuwa na familia za Waafrika zilizoishi humo, zikilima na kufuga: maskwota. Je, skwota alikuwa mpangaji au kibarua? Angekuwa mpangaji angekuwa na haki fulani juu ya ardhi aliyokaa. Sheria ya 1918 ilijibu kwa kalamu: skwota ni mfanyakazi, na atamfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hapo jina "mfanyakazi" ndilo lililomnyima mtu haki.

13. Hapa ndipo nilipofunguka macho. Bandarini watu waliumia kwa kutohesabiwa kama wafanyakazi wa kudumu. Shambani watu waliumia kwa kuitwa wafanyakazi. Kwa hiyo tatizo haliko kwa jina lenyewe. Uliza kila mara: nani alishika kalamu wakati jina linaandikwa, na jina hilo lilimwondolea nani gharama?

14. Barabarani sasa. Matatu zilianza kama magari ya magendo, nauli ikiwa senti kumi tatu, ndiyo asili ya jina. Mwaka 1973 agizo la rais liliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum ya uchukuzi. Sekta ikafura. Ndani yake dereva na makanga walifanya kazi kwa tageti: mpe mwenye gari kiasi kilichopangwa, kinachobaki ni chenu. Ikibaki sifuri, pole. Ndiyo maana matatu hukimbia na kujaza watu. Dereva anafukuza tageti.

15. Serikali ililijua hilo. Kanuni za 2003, zilizoanza kuuma Februari 2004, watu wanazikumbuka kwa mikanda, vidhibiti mwendo na sare. Wachache wanakumbuka kwamba zilitaka pia dereva na makanga waajiriwe kwa kudumu na walipwe kwa mwezi. Mwaka 2014 kanuni nyingine zikaleta mambo ya sacco na mikataba ya maandishi. Mikanda ilikaguliwa. Mikataba je? Panda matatu yoyote ya Keroka kwenda Kisii mjini, muulize makanga kama ana payslip. Atacheka mpaka asahau kukurudishia chenji.

16. Funzo la kifungu hicho: kuandika haki kwenye gazeti la serikali ni kazi ya siku moja. Kumpata mtu wa kuikagua ndiyo kazi yenyewe. Katika mdahalo, mgombea akisema "tutawafanya wote waajiriwe," muulize atatuma wakaguzi wangapi, na watakagua nini.

17. Halafu boda boda. Zilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani upande wa Busia, ndiyo "boda" yenyewe. Pikipiki zilipopunguziwa kodi mwaka 2008, hata huku kwetu vijana waliacha majembe wakashika usukani. Wengi hawamiliki pikipiki. Ni mkopo au ni ya mtu kama mimi, na tageti ni ileile ya matatu, imehamia magurudumu mawili.

18. Uber iliingia Nairobi Januari 2015, wengine wakafuata. Mwanzoni madereva walifurahi, wakachukua mikopo ya magari. Julai 2016 bei ikashushwa kwa kilomita moja kutoka shilingi 60 hadi 35. Mkopo wa benki haukushuka. Madereva wakagoma, na mwaka uliofuata bei ikapandishwa hadi 42. Kumbukeni: aliyenunua gari, bima na mafuta hakuwa na sauti kwenye bei. Mwaka 2022 kanuni za NTSA ziliweka kikomo cha kamisheni: asilimia 18 ya nauli. Kwenye daftari langu la 2018, hiyo ingenirudishia shilingi 280 kwa siku. Mwaka 2024 madereva wa Nairobi walianza kubandika bei zao wenyewe ndani ya magari na kumwambia abiria, bei ya simu haifiki.

19. Sheria yetu inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Inasema kila MTU. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda mwajiriwa: mtu anayefanya kazi kwa mshahara au ujira. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Ukiitwa mkandarasi huru, uko nje ya mlango. Ukivunjika mguu, bima yako ni harambee. Katikati ya hayo mawili sheria yetu haina chumba.

20. Uingereza wana chumba hicho cha katikati. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu kule London iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi si wajiriwa kamili, lakini pia si wafanyabiashara huru. Ni wafanyakazi wa daraja la kati, wenye haki ya kima cha chini cha malipo na likizo ya kulipwa. Majaji hawakuangalia mkataba unajiitaje. Waliangalia mambo matano: nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, je dereva anaadhibiwa akikataa safari, nani anampima kwa nyota, na je anaruhusiwa kujenga uhusiano wake mwenyewe na abiria.

21. California ilienda njia nyingine. Sheria iliyoanza Januari 2020 ilifanya iwe vigumu kumwita dereva mkandarasi. Novemba mwaka huohuo kampuni zilipeleka suala kwa kura ya wananchi, zikatumia zaidi ya dola milioni 200 kwa kampeni, zikashinda: madereva wakabaki wakandarasi, wakapewa kima fulani cha malipo na marupurupu kadhaa. Na Juni 2025, Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilijadili kutunga mkataba wa kimataifa juu ya kazi za namna hii. Kwa hiyo mtu akisema "ni shida ya Kenya tu," mwambie dunia nzima iko darasani.

22. Basi mkisikia mjadala, mtasikia njia tatu. Ya kwanza: waajirini wote. Faida ni mshahara, fidia, likizo. Gharama: kampuni itachukua wachache, itapanga zamu, na yule anayeendesha jioni tu baada ya shamba atakosa nafasi. Ya pili: waacheni, ni wafanyabiashara. Sawa, lakini mfanyabiashara hupanga bei yake na hujua anakwenda wapi kabla hajakubali. Ya tatu: haki zifuate kazi bila kungoja jina. Bima ya ajali kwa kila safari, malipo yasiyoshuka chini ya gharama, na mtu halisi wa kusikiliza rufaa kabla akaunti haijafungwa.

23. Mimi naegemea ya tatu, na kila mtu aegemee kwake. Lakini kipimo changu ni kimoja: anayepanga bei abebe sehemu ya hasara. Ukitaka kumpangia mtu bei, mlinde. Hutaki kumlinda, mwache apange bei. Kumnyima vyote viwili, huo ni ukibarua wa zamani uliopewa simu.

24. Mababu wa Gusii walikuwa na risaga. Majirani wanakusanyika kulima shamba la mmoja wao, hakuna mshahara, kuna chakula na pombe. Haukuwa mkataba wa maandishi, lakini hakuna aliyeuliza leo tunamlimia nani. Mwenye shamba alijulikana, na kesho deni lake lilijulikana pia. Siutamani ule wakati, ulikuwa na shida zake. Natamani ile hali ya kujua tu.

25. Sasa mnauliza, na wewe na kijana wako? Ni haki mniulize. Nilipima yale maswali matano ya London kwa pikipiki yangu. Nani alipanga tageti? Mimi. Nani aliweka masharti? Mimi, kwa mdomo. Akikosa kuleta 300, nani alitishia kumpa mwingine pikipiki? Mimi. Nyota sikumpa, lakini mke wangu alikuwa akiniripotia amemwona wapi. Wateja peke yake ndio walikuwa wake. Nne kwa tano. Majibu yalinikaa vibaya.

26. Nilienda kwa mama yake siku ya tatu. Nikasema: "Mama, ulichouliza juzi, nilijibu vibaya. Alikuwa ananifanyia mimi kazi. Na yeye mwenyewe pia, lakini mimi pia." Akaniambia, "Nilijua. Nilitaka nikusikie." Bili ya hospitali tuligawana, nyingine ikatoka kwa wanastendi wenzake waliochanga jioni moja.

27. Mguu umepona, lakini anachechemea kukiwa na baridi. Amerudi kwa pikipiki. Tuliandika karatasi moja, tukatia sahihi mbele ya mzee wa mtaa: siku za mvua kubwa na siku za ugonjwa hakuna tageti, bima iko kwa pesa yangu, na sehemu ya kila tageti inahesabiwa kama malipo ya pikipiki hadi iwe yake. Napata kidogo kuliko zamani. Jirani mmoja mwenye pikipiki tatu ameniambia naharibu soko. Pengine ni kweli.

28. Sheria haiwezi kungoja kila mwenye pikipiki avunjikiwe na mtu ndipo aone aibu, ndiyo maana mjadala huu ni wa bunge na si wa dhamiri zetu tu. Kwa hiyo wakija Masimba kuomba kura, na watakuja, msiwaulize kama wanapenda vijana. Waulizeni swali la yule mama, kisha mnyamaze wajibu: kijana wa boda akianguka saa mbili usiku na abiria wa programu mgongoni, alikuwa anafanyia nani kazi?

Mwisho wa uzi. Kama wewe ni dereva, andika hapo chini siku yako moja: ulichoingiza, kilichokatwa, ulichobaki nacho. Bila jina la kampuni, hesabu tu.